Mnara Uliokaanga Vitunguu

Chwaaaa. Huo ndio mlio ninaoukumbuka kuliko kengele ya shule, kuliko hata sauti ya mhubiri wetu, naye hakuwa na haja ya kipaza sauti. Ulikuwa kama vitunguu vikiingia kwenye mafuta yaliyopata moto. Tofauti ni kwamba hapakuwa na sufuria wala mafuta, na vitunguu vyenyewe tulikuwa tukivila Krismasi tu. Aliyekuwa akikaanga ni mnara.

Mnara wenyewe ulisimama juu ya kilima upande wa Endarasha, kule baridi inakoamka kabla ya watu. Ulipandishwa na malori vipande vipande miaka michache baada ya Uhuru, ili watu wa Nyeri na watu wa Nairobi waweze kuulizana habari kwa simu. Sisi tuliokaa chini yake hatukuwa na simu. Tulikuwa na mnara. Mgeni akija kutoka Gakindu kumtembelea mama, alisimama uani akiutazama mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, kisha akasema, "Nyinyi mmeendelea." Mama alimkaribisha ndani kwenye moshi.

Baba alikuwa mlinzi wa mnara. Alipewa koti refu, rungu, tochi na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Rungu lilikuwa la kuwazuia wezi wasipande. Katika miaka yote ile sikuona mwizi aliyetamani kupanda. Mgeni aliyekuja bila kukosa, kila msimu wa mvua, ni radi, na radi haiogopi rungu.

Kulikuwa pia na kitabu. Ofisi ya Nyeri iliagiza kila radi iandikwe, kwa sababu mitambo iliyokaa kwenye kibanda cha mawe chini ya mnara ilikuwa ikiungua mara kwa mara na wakubwa walitaka kujua nani alaumiwe. Kitabu kilikuwa na safu nne: Siku, Saa, Imepiga Wapi, na Maelezo. Baba alikuwa amesoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, muda wa kutosha kuandika jina lake na kulitambua akiliona tena. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na alama zangu zilinifikisha hapo hapo nilipokuwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Baba alisema, nami niliandika.

Baba aliniita Maitu. Maana yake ni mama. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina amepewa na heshima yote, hata kama pua yake inatoka kamasi. Nilikuwa nikitumwa maji kwa adabu kubwa: "Maitu, tafadhali, ndoo ni tupu."

Sasa ni lazima nieleze kitu kuhusu baba, kwa kuwa hapo ndipo matatizo yetu yalipozaliwa. Baba alikuwa Mkristo wa kweli, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Lakini alilelewa na bibi yangu, yule niliyepewa jina lake, na bibi alimfundisha kwamba ngurumo ni Mungu akinyoosha viungo vyake kabla ya safari kutoka mlima Kirinyaga kwenda milima ya Nyandarua, na umeme ni silaha anazosafishia njia. Mtu mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa wake akijinyoosha. Unainamisha uso, unanyamaza, unamwacha apite. Baba hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Jumapili Mungu alikuwa kanisani. Siku ya mvua alikuwa njiani. Wenye mnara, kwa hekima yao, walikuwa wamesimamisha chuma chao katikati ya njia hiyo, kisha wakamwajiri baba akiangalie.

Basi mvua ikianza, mama alifunika kioo kwa leso na kusukuma masufuria chini ya kitanda, maana vitu vinavyong'aa havitakiwi. Baba naye aligeuza kiti, akauelekea ukuta, akatega masikio. Radi ikipiga alisema bila kugeuka, "Hiyo ni mnara. Saa nane na robo. Andika." Au, "Hiyo ni mikaratusi ya bondeni. Usiandike, haituhusu." Hakukosea. Alikuwa mlinzi stadi kabisa wa mnara ambao hakuwahi kuutazama siku ya kazi.

Na mimi? Mimi nilikaa mlangoni na kitabu kwenye magoti, na hakuna aliyenichunga. Nilitazama.

Nilianza kwa kuiba kidogo, kama mtu anavyoonja mboga. Kisha nikazoea. Nikaona kwamba kuna radi za namna mbili. Moja hushuka kutoka mawinguni, na vidole vyake vyote vinaelekeza chini kama mizizi inayotafuta udongo. Nyingine haishuki. Inaanzia kwenye ncha ya mnara wenyewe, inapanda, na matawi yake yanatawanyika ndani ya wingu kama mti ulioota kwa haraka ukaona aibu ukatoweka. Na ile inayopanda, mara nyingi, inatanguliwa na mlio. Chwaaaa. Vitunguu kwanza, mti baadaye. Ile ya mizizi haikaangi kitu, inakuja tu kama mdai.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Na kulikuwa na ile safu ya Maelezo, nyeupe, pana, inanisubiri. Kabla ya hapo nilikuwa nikiandika "Kubwa" au "Kubwa sana." Sasa nikaandika: "Radi imetoka kwenye mnara ikaenda juu mbinguni, ina matawi saba, nzuri." Siku nyingine: "Mnara umekaanga kwanza, halafu umerusha radi." Kila mwisho wa mwezi baba aliweka jina lake chini kwa uangalifu, ulimi nje, na karatasi zikaenda Nyeri kwa lori la maziwa.

Juzi juzi hapa Timau nilinunua nyama, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti, na kwenye hicho kipande, kati ya damu na damu, wasomi walikuwa wakieleza kwamba minara mirefu iliyo milimani inaweza kabisa kuanzisha radi inayopanda. Nilisoma nimesimama mpaka mwenye bucha akaniuliza kama nyama ina kasoro. Lakini wakati ule hatukula nyama ya kutosha kupata elimu kama hiyo.

Nyeri walijibu kwa barua. Nilimsomea baba jioni, jua likiwa bado linaonekana, naye ameshika kikombe cha chai. Barua ilisema ofisi imesikitishwa na maandishi ya mlinzi. Ilisema kuna kila sababu ya kushuku kwamba mlinzi anakunywa pombe kazini, na kwamba pengine hiyo ndiyo sababu mitambo inaungua. Injinia angefika mwenyewe kuchunguza. Akithibitisha, mlinzi angeondoka siku hiyo hiyo na kuacha nyumba, koti, rungu na tochi.

Ningeweza kuruka mstari wa pombe. Nilijaribu. Lakini baba aliona macho yangu yameruka.

"Rudi nyuma, Maitu. Umeruka kitu."

Nikarudi. Baba hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Alikiweka kikombe chini taratibu, kana kwamba na chai nayo imeshukiwa.

"Uliandika nini?"

"Nilichoona."

Mama aliacha kuchambua maharagwe.

"Ati ulichoona?" mama akasema. "Uliona namna gani? Si ulikuwa umeinama?"

Baba alinitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa hasira. Ningependa ungekuwa wa hasira. Alinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mama yake juu ya paa.

"Na inapanda kweli?" akauliza.

"Inapanda, baba."

"Basi," akasema, akainua kikombe. Alikunywa chai ile baridi yote. Mimi nilienda kulia nyuma ya kibanda cha mitambo, mahali palipoandikwa HATARI, ili watu wasinifuate.

Injinia alikuja siku ya nne, asubuhi, kwa gari la ofisi lililokuwa limekwama mara mbili kwenye matope meusi ya barabara yetu. Alishuka na viatu vyembamba, suti ya kijivu na tai nyekundu. Tai nyekundu, mwezi wa nne, chini ya mnara! Mama alimsalimia kwa mikono miwili, kisha akashindwa kuvumilia.

"Bwana mkubwa, hiyo kitu ya shingo. Tafadhali utoe. Nyekundu inaita radi."

Injinia akacheka mpaka akaonyesha jino la dhahabu. "Mama, radi haina macho. Haijui nyekundu, haijui kijani."

Dereva wake, mtu mzima wa huku kwetu mwenye sweta la kahawia, hakucheka. Aliliegesha gari mbali kidogo na nguzo, akakaa ndani.

Walikaa mezani, injinia na baba, kitabu katikati. Mimi nilisimama karibu na jiko. Injinia alifungua pale nilipoandika "nzuri," akapigapiga kidole.

"Mzee, iko maneno hapa. Radi inapanda. Inaenda wapi? Nyumbani?"

"Sijui inakoenda," baba akasema.

"Ulikunywa nini siku hiyo?"

"Uji."

Injinia akachukua penseli, akachora wingu, akachora mnara, akachora mshale kutoka kwenye wingu kwenda chini. Mshale mnene, wa kufundishia. "Radi inatoka huku, inakuja huku. Hata mtoto wa nasari anajua. Nimesoma ng'ambo miaka minne, sijaona profesa mmoja akisema inapanda. Sasa wewe uliona?"

Hapa baba angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na hata mimi nilikuwa nikiliomba.

"Mimi sikuona," akasema. "Ameona mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Ni huyu." Akanionyesha.

Injinia alinitazama: sweta la shule lililotoboka kiwiko, miguu mitupu, mwiko mkononi. Akamtazama baba tena, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nina hakika hakikuwa kizuri.

"Amepewa jina ya mamake," mama akaeleza haraka. "Hajalewa. Ni heshima tu."

"Mama yangu hakuwahi kuniambia uongo," baba akasema. "Huyu naye hajaniambia."

"Haya. Yeye aliona. Na wewe mlinzi, unayelipwa kuangalia, ulikuwa unaangalia nini?"

"Ukuta."

"Ukuta."

"Ukuta huu hapa."

"Siku hiyo?"

"Siku zote. Mimi siangalii. Nasikia."

Nilitaka dunia inimeze na mwiko wangu. Injinia alikuwa amefanya safari nzima kumtafuta mlevi, na baba, kwa ukweli wake, amemsaidia kupata kitu bora zaidi: mlinzi aliyekiri, mbele ya mashahidi, kwamba hajawahi kulinda. Injinia akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Akatoa mfukoni karatasi ya kufukuza kazi iliyokwisha kupigwa chapa, iliyokuwa na nafasi tupu mahali pa sababu, akaanza kujaza. Alipofika katikati, mwanga wa mlangoni ukafifia. Wingu la Nyandarua lilikuwa limeshuka mpaka begani kwa mnara.

Mama akachukua leso, akafunika kioo. Masufuria yakaenda chini ya kitanda. Baba akageuza kiti, akauelekea ukuta. Injinia alituangalia sote kwa huruma ya mtu aliyesoma ng'ambo, akaendelea kuandika.

Ndipo ikaanza. Chwaaaa.

Injinia akainua kichwa. "Nini hiyo? Mnapika?"

"Ni mnara," nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Ukikaanga hivyo, itapanda."

Nywele za mikono yake zilisimama, niliziona. Zangu pia. Kikombe cha bati mezani kililia kidogo peke yake. Na yule bwana aliyesema radi haina macho akafungua tai yake kwa mkono mmoja, upesi kuliko nilivyowahi kuona mtu akivua kitu, akaitupa, akaingia chini ya meza. Mama alikuwa ameshafika huko. Mila na elimu ya ng'ambo zikakutana chini ya meza moja, goti kwa goti, na nafasi ilikuwa ndogo.

Nikageuka kwenda mlangoni, kwenye kiti changu. Baba alikuwa amesimama.

Alikuwa anatetemeka. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu watu wanafikiri ushujaa ni kifua mbele. Baba alivua kofia yake kama anaingia kanisani, akaja mlangoni akiwa ameinamisha uso, akasimama nyuma yangu. Nikasikia akisema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Unisamehe. Naangalia mara moja." Kisha akainua uso.

Ikapanda. Kutoka kwenye ncha, juu, nyeupe yenye zambarau, matawi yake yakafunguka ndani ya wingu moja baada ya jingine, taratibu kiasi kwamba ungeweza karibu kuyahesabu. Halafu mshindo, mabati yakaruka, na kitu ndani ya kibanda cha mitambo kikapasuka kama yai.

Baba hakuinama. Kofia ilikuwa imemdondoka mkononi.

"Imepanda," akasema.

"Ngoja," nikamwambia. "Inayofuata haijakaanga. Itashuka."

Ikashuka bondeni kwenye mikaratusi, mizizi yote chini. Baba akavuta pumzi kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo.

Alirudi ndani, akainama mezani, akasema na injinia kule kule chini. "Bwana, sasa nimeangalia. Nimeona kwa macho yangu. Inapanda. Andika hivyo."

Injinia alitoka na vumbi kwenye magoti ya suti. Alijipangusa kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye vumbi kidogo.

"Na wewe, bwana," baba akauliza kwa upole kabisa, "uliona?"

"Mimi nilikuwa..." Akatazama meza. "Nilikuwa nasikia."

Mama alikohoa. Hakuna mtu mwingine aliyecheka, na hilo nalihesabu kuwa adabu kubwa kuliko zote tulizowahi kuonyesha.

Injinia aliketi. Alitazama ile karatasi yake iliyojazwa nusu, akatazama mshale wake mnene. Aliposema tena, ile sauti ya kufundisha ilikuwa imeisha. "Mzee, nikirudi Nyeri niandike radi imepanda, wataniuliza mimi nilikunywa nini. Mimi pia niko na watoto."

"Lakini imepanda," baba akasema.

"Nimesikia ukisema. Sasa na wewe unisikie. Kuanzia leo andika: imepiga, ama haijapiga. Basi. Juu, chini, matawi, hiyo usiandike. Ukikubali, hii karatasi sikuileta."

Baba alinitazama mimi. Yeye ndiye mwenye kazi, nyumba na jina kanisani, lakini alimtazama mama yake kama anaomba ruhusa. Nikatingisha kichwa kukubali. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilijua kwamba tukifukuzwa pale koti lile refu litarudi Nyeri, na baba atapita sokoni bila koti na watu watasema ni pombe.

Injinia akararua karatasi vipande vinne, akavitia jikoni kwetu. Kisha akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye safu ya Maelezo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho wa kitabu, hata zile ambazo radi zake zilikuwa hazijazaliwa. Alifanya kazi safi. Mistari yote ilinyooka.

Niliwasindikiza mpaka kwenye gari nikiwa nimebeba tai, iliyokuwa imeangukia kwenye beseni la maharagwe. Injinia alikwenda kwanza kutazama kibanda cha mitambo. Dereva akashusha kioo.

"Msichana," akasema chini chini, "mimi nilikuwa hapa na kioo chote mbele yangu. Imepanda wazi kabisa."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini gari lina magurudumu. "Mimi ni dereva."

Gari lilipoondoka, baba alichukua rungu akaenda kuzunguka nguzo, ingawa hapakuwa na mwizi. Aliuzunguka mnara mara tatu, na kila alipofika upande wetu alitazama juu kidogo. Mama alimwona, akaamua kwamba maharagwe yanahitaji kuchambuliwa upya. Nyumba ikabaki yangu na kitabu.

Niliketi mlangoni nikaandika siku. Nikaandika saa. Nikaandika: "Mnara. Imepiga." Safu ya nne ilikuwa na mstari wake mwekundu ulionyooka.

Nikalamba ncha ya penseli, nikatia nukta moja ndogo, juu ya mstari.